Faharasa ya Malkia Aliyepotea

Kahawa iliyoanikwa na maganda yake hutoa harufu ya utamu unaoanza kuchacha, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa uani kwetu Ihanda likizo ile ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la sita. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alimkataza jembe na mizigo, na kukaa bure kulimchosha kuliko kulima. Dada yangu Kemilembe, aliyekuwa kidato cha tatu shule ya bweni, alirudi na riwaya nene ya Kiingereza aliyoazimwa na mwalimu wake, imejaa falme, mazimwi na vita visivyokwisha. Mimi nikigeuza kahawa kwenye mikeka, yeye alisoma na kumfasiria Mama, na Kiswahili kilipomwishia aliingia Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani.

Shida ilikuwa majina. Yalizidi mia, na kurasa za mwisho zilizoeleza nani ni nani zilikuwa zimechanika. Akitajwa mtu mpya, Mama aliacha kumenya ndizi, akauliza ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na asipojibiwa hakukubali tuendelee. Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema, akaniagiza nilete daftari. Nikawa mwandishi wa faharasa. Sikufuata alfabeti, nilifuata koo, kama Mama alivyotaka: jina, ukurasa, na kama mtu yu hai au amekufa.

Ikafika sura ambayo malkia alivuka milima ya theluji peke yake, asionekane tena. Baada ya sura nane za kimya nikaandika kwamba amekufa. Mama akaliona neno hilo.

"Futa hapo, Asimwe. Nani ameuona mwili?"

"Mama, hatajwi tena."

"Basi andika: hajarudi."

Shule ikafunguliwa kurasa hamsini zikiwa zimebaki. Kemilembe akaahidi kwamba angezimaliza mwenyewe na kutusimulia Krismasi. Mama alimsindikiza hadi barabarani polepole, akasimama pale mpaka bodaboda iliyompeleka kupanda basi mjini Omurushaka ikapotea.

Mama hakuifikia Krismasi. Siku ya pili baada ya mazishi, Kemilembe aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia kwamba malkia alirudi, katika sura ya mwisho, pekupeku, nywele zimekuwa nyeupe.

"Ningeweza kumwandikia Mama barua," akasema. "Nilitaka nione uso wake."

Nilimshika mkono tukalia.

Leo Kemilembe anafundisha shuleni huko Songambele, nami nasoma riwaya za namna ile kwenye simu. Miongozo ya riwaya hizo imekamilika: ramani, koo, vizazi, kila jina na habari zake. Nabonyeza, nalipata jibu kabla hata sijalitamani. Ni msaada mkubwa, siukatai. Ila tangu likizo ile nimemaliza vitabu vingi, na vyote nimevimaliza kimya, bila mtu pembeni wa kunikatiza.