Bukari Kabla ya Kisu

Kidole changu cha pili cha mguu wa kulia kilikua kwa haraka zake chenyewe. Nilipofika miaka sita kilikuwa kimekipita kidole gumba kwa urefu na kwa unene, na nyumbani kikapewa cheo: tulikiita Kapita, kama msimamizi wa vibarua, kwa sababu kilitangulia mbele ya wenzake na hakikufanya kazi yoyote. Baba, aliyekuwa fundi katika karakana za reli hapa Élisabethville, alinikatia dirisha kwenye kiatu cha turubai ili Kapita apate hewa. Mimi sikuwa na ugomvi naye. Watoto wa kambi nzima ya wafanyakazi wa reli walikuja kumtazama, na kuringa nilijua.

Kisha mguu wenyewe ukaanza kupinda. Daktari wa hospitali, Mbelgiji mwenye mikono baridi, alimwambia baba kwamba mfupa ule hautaacha kukua. Kidole kisipokatwa, nitatembea upande maisha yangu yote. Siku ikapangwa. Mama akatuma habari Kilwa, kule ziwani, kwa mama yake, na bibi akapanda lori la samaki. Alifika siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye kope, akiilaani barabara.

Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume kwa utani, na bibi yangu utani huo aliushika kwelikweli. Mimi nilikuwa bwana yake. Hata mama yangu, binti yake wa kumzaa, bibi alimwita mama mkwe, na hapohapo akamlaumu kwamba hanilishi vizuri.

Masista wa hospitali, bamasere kwetu, walikuwa wameagiza kwamba asubuhi ya kupasuliwa nisitie kitu mdomoni, hata maji. Bibi alisikia, akaenda kufungua furushi lake la samaki, na hilo lingetutia hofu kama tungekuwa na akili. Asubuhi ile, mama akioga, bibi aliniita nyuma ya nyumba. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, ya moto na samaki mkavu aliyetoka naye Kilwa.

"Kula, bwana yangu. Bibi gani anaachaka bwana yake aende safari na njala?"

"Bamasere banasema nisikule."

"Bamasere habana na bwana," akasema, na kunisogezea sahani.

Nilikula mpaka nikalamba vidole. Akanionya nisimwambie mtu.

Hospitalini walinivika gauni jeupe na kunilaza kwenye kitanda cha magurudumu. Sista mwenye kazi ya dawa ya usingizi aliniinamia kunifunga mkanda, akasita. Samaki wa Kilwa hafichiki.

"Mutoto, ulikula nini leo?"

"Hapana kintu, masere."

Akauchukua mkono wangu, akaunusa, akanitazama. Kisha akaenda mlangoni kumweleza baba: kama wangenilaza na tumbo lile limejaa, chakula kingeweza kupanda na kunikaba palepale mezani.

Baba alinirudisha kwa baiskeli. Nyumbani akamweleza bibi maneno ya sista, moja baada ya jingine, kwa heshima, maana alikuwa mkwe wake.  Bibi aliketi kwenye mkeka, akakivuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni.

"Kidogo niue bwana yangu," akasema.

Juma lililofuata tulirudi. Safari hii bibi alinilinda kama askari, hata kikombe cha maji alikificha. Nilipoamka, mguu ulikuwa umefungwa bandeji nyingi na Kapita hakuwepo. Daktari alisema mguu utanyooka, na kweli ulinyooka, lakini siku ile hilo halikunihusu. Nilimlilia Kapita kwa sauti mpaka wodi nzima ikajua habari zake.

Siku mbili za kwanza kila nilichomeza kilirudi, kwa sababu ya ile dawa ya usingizi. Kichefuchefu kilipokwisha, nikakataa kula kwa hasira tu. Mama alibembeleza. Baba aliahidi viatu visivyo na dirisha. Bibi alikaa sakafuni karibu na kitanda, sufuria yake ndogo ya bukari na samaki imefunikwa. Kila asubuhi alikuja nayo na chakula kipya, na kila jioni aliondoka nayo.

Siku ya nne alikuwa akinifukuzia nzi, kitambaa kikamponyoka mara mbili. Nikamuuliza mama kama bibi anaumwa.

"Hapana, iko na njala," mama akasema. "Tangu siku bakupasua, naye hakula."

Nikamgeukia. "Juu ya nini haukule?"

"Bibi gani anakulaka mbele ya bwana?"

Aliyasema kwa ile sauti yake ya utani, lakini midomo ilikuwa imekauka na kicheko hakikutoka. Nilimkasirikia na nikampenda kwa pamoja. Nikamwambia afungue sufuria.

 Tonge la kwanza nililimeza mwenyewe, yeye akinitazama kooni. La pili nililichovya kwenye mchuzi, nikamtilia mdomoni kwa mkono wangu. Alitafuna polepole, macho ameyafumba. Harufu ya samaki ilijaa wodi. Yule sista akatokea mlangoni, akanusa, akatutazama wote wawili, kisha akaenda zake bila kuuliza kitu.