Mistari ya Njano Mlangoni

Mama Cherehani hakuwahi kuwa na mke mwenza, wala hakutarajia kumpata uzeeni, tena kutoka hospitalini, tena mwenye cheti.

Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule katika chumba cha mbele, na mumewe, Mzee Brashi, alipaka rangi nyumba za watu. Sauti ya mzee ilikuwa inafika mtaa wa pili kabla ya ngazi yake. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hatua zikafupika, sauti ikazama kifuani. Daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson, hauponi, ila mazoezi maalumu yangemsaidia aendelee kutembea na kusema. Mama Cherehani akajifunga kibwebwe. Alimfunga vifungo, alimkatia nyama, na wageni wakimsalimia mumewe, alimjibia kabla hajafungua mdomo.

Ndipo akaja binti wa mazoezi, na raba zake nyeupe na kicheko cha karibu. Siku ya kwanza Mama Cherehani alikaa kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akamwona mumewe, yule anayeburuta miguu nyumbani, akinyanyua goti na kutupa hatua ndefu huku binti akipiga makofi. Kisha zamu ya sauti ikafika.

"Zaidi, babu. Mwite mtu aliye ng'ambo ya barabara."

Mzee akavuta pumzi akanguruma, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Akacheka pamoja na yule binti. Mama Cherehani hakucheka. Yeye aliyeolewa alikuwa anapewa minong'ono. Ilimbidi asimamishe cherehani na kuinama ili ajue mume anataka maji au anataka kulala. Kumbe sauti ipo, ila inatunziwa wengine.

"Shoga, si ndiyo kazi yake?" jirani alimwambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone mwenyeji mmoja, mwingine augue?"

Siku hiyo alishona mfuko wa shati upande wa ndani, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Binti akaja hadi nyumbani. Mzee alikuwa na tatizo la kuganda: kila akifika kizingiti cha chumba cha kulala, miguu inanata sakafuni, haendi mbele wala harudi. Binti akapiga magoti, akabandika vipande vya selotepu ya njano kuanzia kitandani hadi nje ya mlango.

"Usiufikirie mlango, babu. Wewe vuka mstari, kisha unaofuata."

Mzee akavuka, akapita mlangoni kama bwana harusi. Binti alipoondoka, mzee aliitazama ile mistari akatabasamu, na uso ule siku hizi haukunjuki kirahisi. Mke aliliona tabasamu, akajua halikuwa lake.

Alivumilia mpaka siku ya kudeki. Mzee akiwa uani anaota jua, alichukua kisu, akabandua vipande vyote, akasugua mpaka gundi ikatoka. "Uchafu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Baada ya chakula akamshika mumewe mkono, akamwingiza mwenyewe kulala, akarudi kwenye cherehani.

Mzee aliamka na haja. Alipofika mlangoni akatafuta mistari, hakuiona, miguu ikaganda. Akaita, lakini cherehani ilimeza mnong'ono wake. Mama Cherehani alipokuja kumtazama, suruali ilikuwa imeshalowa. Kwa kihoro akamvuta mkono, jambo ambalo binti alimkataza tangu mwanzo. Mwili ukaja, miguu ikabaki, wote wawili wakaenda chini.

Hakuna aliyevunjika. Mzee aliitazama suruali yake, kisha akasema neno, na mke akalazimika kuinama.

"Mwambie binti asije tena. Nimerudi nyuma, hata mistari siioni. Sitoki tena chumbani."

Haya. Alichokitaka amekipata, mke mwenza kaachika bila hata talaka. Mama Cherehani alisubiri furaha, haikuja. Kilichokuja ni aibu. Alimbadilisha nguo, akamkalisha kitandani, kisha akaenda kuchukua chaki yake ya kukatia vitambaa. Akapiga magoti yaliyokuwa yanamuuma, akaanza kuchora sakafuni.

"Hujarudi nyuma," alisema bila kuinua uso. "Mistari niliibandua mimi. Wivu ulinishinda."

Mzee aliinamisha kichwa kumtazama. "Wivu? Kwa mtoto yule?"

"Kwa mtoto yule yule."

Akasimama ng'ambo ya mlango, mikono akaificha mgongoni isije ikamvuta tena. "Njoo," alimwambia. Mzee akanyanyua goti, akavuka mstari, akavuka unaofuata. Kizingitini miguu ilisita, akaukazia macho mstari wa nje, akapita. Alipomfikia mkewe akageuka polepole, mwili mzima, akaikagua kazi kwa jicho la mpaka rangi.

"Mistari ya binti ilinyooka zaidi," alisema.

Moyo ulimchoma palepale. Yeye, aliyekata sare za nusu ya mji. Lakini safari hii maneno yalimfikia bila kuinama.

"Sijasikia," alidanganya. "Rudia."

Mzee akavuta pumzi akarudia, na jirani ng'ambo ya ukuta akauliza ni mistari gani hiyo.