Kiraka cha Mwisho cha Sufuria la Mama

"Shikamoo, kaka. Mgonjwa wako karudi."

"Marahaba. Safari hii kapatwa na nini?"

"Ufa ule ule. Na wateja wanasema maziwa yana ladha ya msumari." Dada mtu alilitua sufuria juu ya meza ya kazi. "Viraka vyake sasa vinaishinda suruali yako."

Fundi Cheche alicheka. Katika sufuria hilo pana, la chuma kisichoshika kutu, mama yao alichemsha maziwa ya kuuza hadi akawakuza wote wawili. Ukingoni palikuwa na kibonde kilichochimbwa na upawa wake miaka nenda miaka rudi. Alipofariki, binti alishika upawa na biashara.

Ufa wa kwanza ulipotokea chini, fundi alitaka kukata kitako na kuweka kipya. Dada yake alikataa katakata: likiwa na kitako kipya, si la mama tena. Basi akachomelea. Ufa ukarudi kando ya kiraka, akachomelea tena, na tena. Kila mara alilisugua kwa mashine mpaka likang'aa, ili mdogo wake asione kovu. Alijua vizuri kwamba moto ukirudiwarudiwa mahali pamoja, chuma cha pembeni, hata kisichoshika kutu, hudhoofika na kuanza kuliwa na kutu. Alijua pia kwamba kila msuguo ulikuwa unakipunguza unene. Ila uso wa dada yake ulikuwa unachanua kila alipolichukua! Angewezaje kumnyima hilo?

Sasa alivaa kinyago chake, akawasha mashine. Cheche zilipogusa tu, chuma kililia kama kijiti kikavu kikivunjika. Ufa ukapanda ubavuni mpaka ukingoni, ukakigawa kile kibonde vipande viwili.

Akazima mashine. Akainua kinyago.

"Weka kitako kipya, kaka," dada akasema kwa sauti ndogo. "Nimekubali."

Fundi alipapasa ubavu wote kwa kidole gumba, akitafuta mahali pazima. Kutu ilibaki kidoleni.

"Hakuna pa kukiungia, mdogo wangu. Nimelimaliza mwenyewe."

Dada hakumlaumu. Aliweka kidole kwenye nusu moja ya kibonde, akakiacha hapo. Fundi akashusha kinyago chake usoni, ingawa mashine ilikuwa imezimwa.