Sindano Ndani ya Mtandio

Ghanima aliishi peke yake mtaa wa Jabe tangu binti yake wa pekee, Laila, alipoolewa Kigoma. Kila asubuhi alikwenda mtaa wa Cibitoke, kwenye karakana ndogo ya dawa, akayeyusha unga wa dawa ndani ya sufuria ya alkoholi ya moto, akauacha upoe polepole, kisha akatupia chembe chache za dawa ileile, walizoziita mbegu. Dawa ikifuata mbegu, huganda vipande bapa kama magamba ya samaki, na mashine huvikandamiza kuwa vidonge bila shida.

Wiki ile, badala ya magamba, zilitoka chembe zenye ncha kama sindano. Unga uleule, alkoholi ileile, lakini nyuzi nyembamba zikaziba mdomo wa mashine. Siku ya Jumanne, Maxime, mfamasia mwenye karakana, alimwambia kwamba kama hadi Ijumaa hazijakoma, sufuria angepewa Kelly wa kufunga paketi. Bila sufuria ile Ghanima angebaki na chumba kimya tu.

Jumatano aliumwa, Maxime akakoroga mwenyewe: magamba matupu. Kumbe kasoro ilikuwa kwake Ghanima. Alhamisi aliinama kuitazama dawa ikipoa, akaona sindano ya kwanza ikichipuka palepale chini ya kichwa chake, kabla hajatia mbegu.

Koti alibadilisha, viatu pia, glavu mpya kila siku. Ulibaki mtandio aliojifunga kichwani, hakuna aliyethubutu kumwambia aufungue. Ulikuwa wa Laila. Hakuufua tangu binti aondoke, akiogopa kuipoteza harufu yake. Siku fulani sindano zilijiotea kwa bahati mbaya, vumbi la sindano hizo likakaa mtandioni, na sasa kila alipoinama alizipanda upya.

Akamwendea Maxime. "Patron, ni mi naleta mbegu ya mubaya. Iko mu mutandio."

"Mama Laila, nilizani ni uchawi," Maxime akacheka. "Si uufule? Ni kitambaa tu."

"Apana. Si kitambaa tu."

Hata hivyo alijifunika kitenge, akauchovya mtandio kwenye beseni la alkoholi, maana sabuni haiyeyushi dawa ile. Akaukamua, akarudia, akarudia tena.

Ijumaa yalitoka magamba mapana, yanang'aa. Maxime aliwaita wafanyakazi waje kuona, wakampongeza, wakarudi kwenye kazi zao. Sufuria ikabaki yake. Ghanima aliinua ncha ya mtandio hadi puani. Ulinuka alkoholi, basi. Akaanza kupima unga wa sufuria ya pili.