Mota ya Editha na Upepo wa Saa Nane

Watu wa Mwankoko wanajua kila kitu ambacho hawajawahi kukigusa. Editha alipouza maksai wake sita akanunua boti ndogo ya kutembeza wageni Ziwa Singidani, walicheka mpaka machozi. Mjane, mkulima wa alizeti, leo nahodha! Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yake Deo, mdogo wa marehemu mumewe. Alisema mbele ya ukoo mzima: "Mvua zikinyesha utakuja kwangu kuomba ng'ombe wa kulimia, na mimi sitakuwa na nafasi."

Editha hakumjibu. Kumjibu Deo ni kumpa cheo.

Mwaka mzima boti ilitembea, wageni wakatazama ndege. Halafu siku moja ya Agosti injini ya petroli ikazima katikati ya ziwa, walimu wanane wakiwa ndani. Petroli ilikuwa ya chupa, ya pale barabarani, imetiwa maji na watu wasiomwogopa Mungu. Na upepo wa Singida unajulikana: asubuhi umelala kama mbwa aliyeshiba, mchana unang'oa bati. Uliwasukuma mpaka ng'ambo kwenye tope, walimu wakashuka viatu mkononi, matope ya magadi mpaka magotini.

Hakufa mtu. Lakini mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja akasema: boti haibebi abiria mpaka ifungwe mota ya pili, ya akiba, na aione ikifanya kazi. Akatoa siku kumi, mpaka Jumamosi. Siku hiyo ikipita, kibali kimekufa, na Editha anabaki na shamba lisilo na ng'ombe na shemeji mwenye ng'ombe.

Deo alifika jioni ileile, hakualikwa.

"Shemeji, nunua injini nyingine ya petroli, ndogo. Rafiki yangu anayo. Ikiwaka inasikika mpaka Ilongero."

"Ile kubwa ilizimwa na nini?"

"Petroli mbaya."

"Na hiyo ndogo inakunywa nini? Uji?"

Deo akafungua mdomo, Editha akamuwahi.

"Ukiwanywesha maksai wawili birika moja lenye sumu, wanalala wote wawili. Umechunga miaka arobaini na hilo hukuliona? Mimi nataka mota ya umeme. Siku petroli ikinisaliti, betri haina habari nayo."

"Umeme na maji! Utawakaanga wageni."

"Nenda kwako, Deo, ukakaange dagaa."

Mjini kulikuwa na duka la Abdulkadiri, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara, mwenye maneno laini na vidole visivyojua kazi. Alimwamkia shikamoo vizuri, hilo lazima lisemwe. Kisha akaweka mota moja juu ya meza, taratibu, kama analaza mtoto mchanga.

"Hii, mama, ina nguvu za farasi wawili."

"Umeshamwona farasi akilima Singida?"

"Hapana, mama."

"Basi usinitajie mnyama usiyemjua. Nitaijaribu kwanza."

"Haijaribiwi, mama. Ikishaingia majini imekuwa mtumba."

Editha alimtazama kama mtu anavyomtazama fisi aliyetoka mchana. Kwa watu wa jembe, hakuna anayenunua maksai mnadani kwa kutazama pembe. Unamfunga nira, unalima mistari miwili, wa kushuka na wa kupanda, na ule wa kupanda ndio unaotoa bei. Muuzaji akikataa, ng'ombe wake ana jambo. Haya Editha aliyasema kwa sauti, pale dukani, mbele ya wateja. Abdulkadiri akafunga duka akabeba mota.

Alitaka waende asubuhi. Akaambiwa saa nane mchana.

Walipokwenda, upepo ulikuwa mgongoni. Abdulkadiri akacheka, akatoa simu ajipige picha. "Unaona, mama? Inateleza yenyewe!"

"Hata gunia tupu linakwenda hivi," Editha akasema. "Geuza."

Akageuza. Mota ikalia, ikalia. Boti ikasimama. Kisha, jamani, ikaanza kurudi kinyumenyume. Mguu wa mota, ule unaoshuka majini, ulikuwa mfupi; kila wimbi likiinua boti nyuma, panga la kusukumia maji lilitoka nje likapiga kelele hewani kama mbuzi aliyekamatwa sikio. Kijana akarudisha simu mfukoni. Wakawasha injini kubwa, wakarudi ukingoni.

"Huna nyingine?" Editha akauliza walipofika.

"Ipo, mama. Nzito. Mguu mrefu, panga pana, betri mbili. Lakini watu wengi huchukua hii."

"Hao watu wengi hawana upepo wangu. Mbona ulinificha?"

"Nilikuona mtu mzima, nikasema nikupunguzie uzito."

"Anayenipunguzia uzito bila kuniuliza amenipunguzia akili."

Kesho yake wakaijaribu ile nzito, saa ileile. Haikukimbia. Ilikwenda kama ng'ombe mzee anayelijua shamba, lakini iliupanda upepo mpaka ukingoni. Editha akainunua. Asante hakusema, asante ya nini, kwa kuonyeshwa mwisho kitu alichostahili kuonyeshwa mwanzo?

Ijumaa umeme ulikatika mtaa mzima tangu alfajiri. Betri zile mbili zilikuwa sebuleni kwa Editha, zimejaa. Saa nne Hanifa, jirani yake wa ukuta mmoja, akaingia na simu tatu ndani ya bakuli.

"Nichajie hizi, dada. Moja yangu, mbili za watu."

"Hapana."

Hanifa alidhani hakusikia vizuri. Mtaani kwao moto haunyimwi. Mwanamke akija na kigae unampa kaa la moto, hata kama jana mligombana, na tangu betri za sola ziingie majumbani, chaji nayo imekaa palepale pa moto. Ndiyo maana kila mwenye betri huanza na simu moja ya jirani, na jioni hana hata ya kuwashia taa, na bado anajiona mwema.

"Moto haunyimwi, dada Editha."

"Kaa likitoka jikoni kwangu, jiko linabaki na moto. Chaji ikitoka imetoka. Kesho nikikwama majini, nikuite wewe usukume?"

"Kwa simu tatu tu?"

"Wewe una tatu. Nyuma yako je?"

Hanifa akageuka. Uani walikuwa wamesimama saba, kila mmoja na waya wake.

"Kumbe ndivyo ulivyo," Hanifa akasema polepole. "Boti imekupa uchoyo."

Neno hilo lilimchoma, maana tangu aolewe hakuwahi kumnyima mtu moto. Akafunga mlango. Akakaa juu ya betri kama kuku anayeatamia, mpaka umeme uliporudi alasiri.

Jumamosi mkaguzi alikuja saa tatu asubuhi, shati limenyooshwa, ana haraka. Ziwa lilikuwa limelala. Akaamuru mota iwashwe pale pale ukingoni, panga likazunguka kidogo, akatoa kalamu.

"Inatosha, mama."

Editha akaweka kiganja juu ya karatasi. "Inatosha kwa nani? Njoo saa nane, upande mwenyewe."

"Nakupa kibali unakataa?"

"Nakataa cha kuhurumiwa. Wale walimu nao waliondoka ukingoni injini ikizunguka."

Deo, aliyekuja kutazama aibu, akacheka juu ya jiwe. "Shemeji amerukwa na akili!"

Mkaguzi alirudi saa nane, amekasirika. Walipofika ng'ambo Editha akazima injini ya petroli, akashusha mota ya umeme, akaelekeza boti kwenye upepo. Mawimbi yakapanda mapajani mwa mkaguzi. Akashika boya kwa mikono miwili. Alama ya betri ikashuka hadi nusu, ikashuka hadi robo, na mawe ya ukingoni bado yako mbali. Editha hakugusa injini kubwa. Akapunguza mwendo kidogo, kama unavyompumzisha maksai bila kumfungua, akaendelea. Dakika arobaini na tano nzima. Boti ilipogusa changarawe, alama ilikuwa imebaki mstari mmoja mwembamba.

Mkaguzi akatoa kalamu, akaandika kibali. Editha akamwambia aongeze na saa, na kwamba upepo ulikuwa mkali. Akaongeza.

Deo alikuwa ameteremka kutoka kwenye jiwe. "Lete kamba, shemeji, nikusaidie kuivuta."

Editha akampa. Boti ilikuwa nzito, na Editha hakuishika hata kwa kidole.