Koti Lisilokauka

Kumwambia mtu mzima kwamba ananuka ni kazi, na kama kazi nyingine ina namna yake ya kufanywa. Mimi nilijifunza namna hiyo katika duka la nguo mjini Nakuru, miaka ya hamsini, nilipokuwa muuzaji mkuu. Ulikuwa mwezi wa Julai, ule wa baridi, na mvua ilishuka karibu kila alasiri.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole, asiyependa maneno mengi. Sisi wauzaji tulikuwa wanne, kila mmoja na koti la kazi la khaki alilopewa siku ya kwanza. Wa nne alikuwa mgeni, baba wa watoto aliyetoka magharibi, akilala kwa kaka yake kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Kazi aliijua. Alikunjua jora la kitambaa kwa mkupuo mmoja na kulipima yadi kwa yadi huku akimuuliza mteja habari za nyumbani. Lakini alikuwa na harufu. Haikuwa ya jasho. Ilikuwa chachu, kama ya gunia lililonyeshewa likasahaulika pembeni. Akina mama waliofika kwenye meza yake walirudi nyuma kidogo, kisha wakakumbuka kwamba walitaka kitu kwangu.

Wenzangu wawili walicheka chini chini. Asubuhi moja mmoja wao, mcheshi wetu, alimwekea mezani kipande cha sabuni ya bluu kilichofungwa kwa karatasi.

"Bwana mkubwa, umeletewa zawadi," alisema.

Mgeni alikipokea kwa mikono miwili. "Mungu awabariki, ndugu zangu. Yangu ilikuwa imebaki kama ukucha."



Jumatatu jioni mwenye duka aliniita kando. "Wewe sema na yeye," aliniambia. "Mimi naona haya. Jumamosi kama iko vile vile, mimi tafuta mtu mwingine."

Usiku huo niliamua kwamba yule mtu hatafukuzwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Nilichagua wakati wa kufunga duka, ili akishasikia aende nyumbani, asirudi mezani kusimama mbele ya watu na aibu yake. Nilichagua stoo ya nyuma, tukiwa wawili tu. Tena niliamua kutozunguka, kwa sababu ukizunguka sana mtu hubaki akijiuliza ulitaka kusema nini.

Jumanne tulipofunga nikamwita stoo.

"Ndugu yangu, nina neno gumu," nilimwambia. "Nimependa ulisikie kwangu. Koti lako lina harufu, na wateja wanaisikia."

Aliinua bega akalinusa koti, kama mtu anayehakikisha jambo alilolijua zamani.

"Ninalifua kila siku," alisema. "Kila siku, mzee. Niliona watu wanarudi nyuma, nikasema labda sifui vizuri. Nikaongeza sabuni." Kisha akalishusha bega. "Kumbe ile sabuni haikuwa zawadi."

"Ndiyo," nikasema. Sikuona faida ya kumdanganya.

Nilimuuliza analianika wapi. Juu ya kitanda, alisema, ndani ya chumba wanamolala yeye na familia nzima ya kaka yake, kwa sababu nguo iliyoachwa nje usiku huliwa na mvua au na mwizi. Na asubuhi je, huwa limekauka?

"Linakaukia mwilini."

Hapo nikaelewa. Khaki ile ilikuwa nzito, na baridi ya Nakuru haikaushi kitu kinene kwa usiku mmoja. Tangu aajiriwe, koti lile halikuwahi kukauka hata siku moja. Kadiri alivyosikia harufu ndivyo alivyofua, na kadiri alivyofua ndivyo harufu ilivyozidi. Nilimweleza polepole, maana nilitaka ajue kwamba uchafu haukuwa wake. Alisikiliza kama anayesomewa hukumu ya kesi aliyoshinda, bila kuiamini bado.

Siku iliyofuata nilimvalisha koti langu, nami nikafanya kazi na shati. Lake tulilichemsha kwenye debe nyuma ya duka, tukalianika juani asubuhi nzima. Mawingu yalipokusanyika nikalipeleka kwa fundi wa cherehani aliyekaa barazani, mwenye pasi ya makaa.

"Pasi yangu ni ya nguo," alisema akikunja pua. "Samaki wapeleke kwa wakaanga samaki."

"Ipashe moto," nikamwambia. "Siondoki hapa."

Alinung'unika, lakini aliongeza makaa. Tulipiga pasi mishono, kola na mifuko, mpaka mvuke ukaisha kutoka. Fundi mwenyewe ndiye aliyelinusa mwishoni. "Hili sasa ni koti," akasema. Tangu hapo mgeni alifua Jumapili tu, asubuhi na mapema, na siku nyingine akalikung'uta na kulitundika dirishani.

Jumamosi aliingia mama mmoja kutoka Rongai akitaka blanketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mgeni. Wakainamia blanketi pamoja, vichwa vikikaribia kugusana, wakibishana kama litapungua likifuliwa. Mwenye duka alikuja akasimama nyuma yao, akajifanya anapanga vifungo. Alivuta pumzi ndefu kwa pua. Kisha akarudi kwenye kiti chake, wala hakunitafutia mtu mwingine wa kumfundisha kazi.

Tulipokuwa tunafunga, mgeni alitoa kitu mfukoni, kimefungwa katika karatasi ile ile. Akakiweka mbele ya mcheshi wetu.

"Imebaki nusu," alimwambia. "Nimeona si vizuri niimalize peke yangu."

Mcheshi alikitazama, akatutazama sisi, akakitia mfukoni.

"Asante, ndugu," akasema.

Naye mgeni akavua koti lake, akalikung'uta, akalitundika dirishani.