Safari ya Rotterdam na Mjukuu Asiyenitaka

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa pana na bado akaacha nyoyo za ndugu zikutane, aliyenitoa Tanga salama na kunirudisha salama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyewapenda watoto na kuwavumilia. Baada ya hayo: wanafunzi wangu wa zamani wa chuoni wameniomba niandike niliyoyaona Ulaya. Wengi wanataka habari za majengo. Majengo niliyaona, lakini kilichonipeleka huko hakikuzidi urefu wa paja langu.

Mwanangu Hamza ni dereva wa basi Landani, na mkewe Salma ni muuguzi. Mtoto wao, Sudi, ana mwaka mmoja na miezi minane. Mimi na Mama Hamza tulikuwa tukimjua kwa simu tu. Kila Ijumaa baada ya sala tulikaa ukumbini, naye akinibusu kwenye kioo cha simu mpaka kioo kinajaa mate. Hamza alipotualika miezi mitatu, niliwaambia majirani: nakwenda kumpakata mjukuu wangu, mengine yote ni ziada.

Tulifika nyumbani kwao Wembley asubuhi ya baridi, ingawa walituambia ni majira ya joto. Mlango ukafunguliwa, Sudi akaniona. Aliitazama kanzu, akaitazama ndevu, akapanda nazo taratibu hadi usoni. Nikasema, kwa sauti yangu ile mnayoijua, "Assalamu alaykum, babu!"

Alipiga ukelele, akakimbilia nyuma ya mama yake. Nilipomfuata kwa mikono miwili, alisema neno lake la kwanza kwangu: "No!"

"Atazoea, Baba," alisema Salma.

Hakuzoea. Wiki zikapita. Bibi yake alimkubali siku ile ile, akambeba mgongoni kwa kanga na kumwita "mume wangu." Mimi nikikaa kochi hili, Sudi anahamia lile. Kilichoniuma zaidi ni simu. Alikuwa akiiokota, ananiletea kwa mbali, anaiweka sakafuni na kunyooshea kidole kioo cheusi: "Babu?" Babu yake alikuwa mle ndani. Huyu mwenye ndevu aliyekaa sebuleni alikuwa mgeni asiyejulikana anaondoka lini.

"Mwalimu," Mama Hamza alinitania, "mume wangu mdogo ana wivu. Kaona umekuja kuninyang'anya."

Nilicheka, lakini nilikuwa nikihesabu siku. Zilipobaki kumi turudi Tanga, nilikuwa bado sijampakata hata mara moja. Nami nina miaka sabini na minne; sikujua kama kuna safari nyingine.

Siku hizo kumi ndipo tulipokwenda Rotterdam kumwona dada yangu Tatu, ambaye ameishi huko miaka mingi. Tuliondoka Wembley alfajiri, watu watano: Hamza, Salma, Mama Hamza, mimi na Sudi katika kigari chake. Tulibeba maandazi, chupa ya chai na sambusa arobaini, kwa sababu Mama Hamza haamini kwamba Ulaya kuna chakula.

Treni ilipoingia chini ya bahari nilisoma dua ya safari, nikangoja kuona maji. Hakuna maji. Ni giza tu, kama dakika ishirini, kisha jua na ng'ombe. "Ndiyo Ufaransa hiyo, Baba," Hamza akasema. Nikamtazama ng'ombe, naye akanitazama. Sikuona tofauti na wale wa Uingereza, ila alikuwa mnene. Brussels tulibadilisha treni, na jioni kabla ya magharibi tukafika kwa Tatu.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na aproni, mikono ina unga. Hakumwita Sudi wala hakumsalimia. Alikaa chini kwenye kizingiti, akaendelea kuzungumza nasi. Mtoto akamwendea mwenyewe, akamkalia mapajani kama kiti alichokizoea.

"Na wewe, Kaka, amekukubali?" akaniuliza.

"Bado."

"Ndevu hizo! Hata mimi zikinijia gizani nitakimbia."

Nyumba nzima ilicheka, na Sudi naye akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Tulikaa siku tatu. Tulikula wali wa nazi na samaki, tukatembea kando ya mto tukatazama meli zinazoshusha makontena, tukazungumza habari za wazazi wetu mpaka Tatu akalia kidogo kisha akatutania tena. Zilikuwa siku njema. Lakini kila nilipokaa niliacha nafasi ubavuni pangu, na kila nilipoinuka nafasi hiyo ilikuwa tupu.

Siku ya nne, saa saba na nusu mchana, Tatu alitusindikiza stesheni. Treni yetu ilikuwa ya saa nane na robo. Adhuhuri ilipoingia, tuliafikiana mimi na Hamza tusali kwa zamu, ili mizigo isikose mtu. Mimi nikatangulia. Nilipata pembe tulivu nyuma ya nguzo kubwa, Hamza akanionyesha kibla kwa simu, nikatandika mswala. Msafiri amerahisishiwa: rakaa mbili za adhuhuri, mbili za alasiri, unaziunganisha. Nilipiga hesabu, muda ulitosha na kubaki.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Hamza alikwenda kutazama ubao wa treni, akijua mtoto yuko kwa bibi yake. Mama Hamza alijua yuko kwa Salma. Salma, aliyekwenda kununua maji, alijua yuko kwa Shangazi Tatu. Tatu alikuwa akisukuma kigari, na kigari kilikuwa kimebeba mifuko miwili, chupa ya chai na sambusa zilizobaki. Kila kitu isipokuwa mtoto. Yeye alijua mtoto kachukuliwa na Hamza. Ndivyo tulivyo sisi: mtoto ni wa wote, basi kila mmoja anatulia.

Nami nilikuwa kwenye sijida ya mwisho kabisa. Nikasikia viganja viwili vidogo mgongoni. Kisha goti. Kisha uzito wote. Mtu akajiweka sawa juu ya mabega yangu, akashika kofia yangu kwa nyuma, akasema taratibu, "Babu."

Wanafunzi wangu, miaka arobaini niliwasomesha kwamba Mtume wetu aliwahi kurefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alimpanda mgongoni, hakupenda kumharakisha. Nilikuwa nikiisoma hadithi hiyo, mnaitikia, tunafungua ukurasa mwingine. Siku ile niliielewa. Paji la uso likiwa chini, sikutingishika.

Ndipo niliposikia sauti ya Salma mbali. "Sudi! Sudi!" Kisha Hamza: "Si yuko kwako, Mama?" Kisha Mama Hamza: "Kwangu? Kwangu tangu lini? Tatu!" Miguu ikakimbia huku na huku. Kwenye kipaza sauti wakatangaza Brussels.

Moyo ulinipasuka pande mbili. Mama wa mtoto anahangaika, nami ninaye. Nikiinuka ghafla ataanguka. Tena, Mungu anisamehe, sikutaka ashuke. Nikafanya lililobaki. Nikapaza tasbihi ya sijida kwa sauti yangu yote, ile iliyokuwa ikiwaamsha wavivu wa safu ya nyuma: "Subhana rabbiya'l-a'la!"

Nilihisi Sudi akishtuka. Nikasema moyoni, sasa nimemfukuza. Lakini alinikumbatia shingo, akajaribu naye: "Aaalaa!"

"Hiyo sauti ya Baba!" Hamza akapiga kelele. Wakatokea wote nyuma ya nguzo wanahema. Nilisikia Salma akianza kulia, kisha dada yangu akinong'ona, "Mwacheni. Mwacheni Kaka, msimguse mtoto."

Sudi alishuka alipotaka mwenyewe. Nikakaa, nikamaliza, nikatoa salamu kulia na kushoto, na kushoto yupo, anaigeuza shingo yake kama mimi. Treni ilikuwa imekwenda zake.

Nilimgeukia Salma kwanza. "Mwanangu, nisamehe. Nimekutia hofu na treni nimekukosesha."

"Baba," alisema akifuta macho, "treni zipo nyingi."

"Lakini mtoto ni mmoja na sisi watu wazima watano!" Mama Hamza akadakia. "Kuanzia leo kila mtu ajibu: Sudi yuko kwa nani?"

"Kwa Babu," akasema Hamza.

Ilikuja treni nyingine baada ya saa moja. Hamza akasali, akabadilisha tiketi, tukala sambusa benchini, na Tatu hakuacha kunicheka. "Kaka, miezi mitatu unamwita mtoto aje juu. Ulikuwa na haja ya kushuka tu." Kutoka Rotterdam mpaka Brussels Sudi alilala mapajani pangu, na mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Sikuusogeza. Ng'ombe walipita wote, sikuwaona.

Siku zilizobaki Wembley zilikwenda haraka. Uwanja wa ndege hakulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso.

Sasa niko Tanga, na simu za Ijumaa zimerudi, lakini habusu tena kioo. Akiniona tu anaamuru, "Babu, chini!" Mama Hamza anashika simu, nami mzee mzima nainama juu ya jamvi nimempa mgongo, nangoja mpaka aridhike. Majirani wamekwisha zoea.

Ewe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akufikishe kila unakokwenda, akuhifadhie wako walio mbali, na yule unayemngoja akujie kwa hiari yake. Amin.